Msumari wa Kumi na Tatu

Kila Jumatatu, kabla jenereta haijakohoa,
nawaosha nyuso magavana.
Naanza na wa kwanza, kanali wa miwani myeusi,
aliyeletwa kwa ndege na barua,
hata jina la mto wetu likamshinda kulitamka.
Benue, Kanali. Be-nu-e.
Namfundisha mpaka leo
nikimpangusa vumbi la harmatani kwenye nyota za mabega.

Wa pili kanali mwingine. Wa tatu, meja.
Hao walikuja usiku, kama mvua juu ya bati;
redio ikatuamsha kwa matarumbeta,
na asubuhi fundi Ukeyima akaja na ngazi,
akauliza tu, "Tunatundika au tunatungua?"

Wa nne alivua gwanda ili apigwe picha,
akavaa kitambaa chetu cha mistari, nyeusi kwa nyeupe.
Nguo ya kuazima:
tazama inavyombana kwapani.

Wa tano alikuwa wa kura.
Huyu anacheka hata kwenye fremu. Ana mwanya.
Aliahidi daraja, akajenga nusu,
nusu ya pili ikabaki maneno.
Mbuzi hupanda mpaka saruji inapokoma,
huyatazama maji, hurudi.
Siku askari walipomjia
alikuwa mezani, kiazi kikuu na mchuzi wa mbegu za maboga.
Aliomba amalize.
Wakamngoja, wamesimama, mikono nyuma.
Sahani niliiosha mimi.

Picha yake iliamriwa ichomwe.
Nikachoma kalenda.
Yeye nikamweka stoo, uso ukutani,
nyuma ya masanduku ya kura yaliyopasuka.
Miaka tisa. Panya walikula fremu, mwanya hawakuugusa.
Raia waliporudi madarakani wakauliza,
"Hivi, yule wa tano alikwenda wapi?"
Nikasema, "Hata mimi nashangaa, Mkubwa,"
kisha nikaenda kumleta.

Wa tisa alikaa wiki kumi na moja.
Kiti hakijapata joto.
Fremu yake ndiyo kubwa kuliko zote.

Na yuko mama asiye na fremu,
Bi Mbafan Ikyaan, aliyekaimu siku arobaini
baina ya aliyetimuliwa na aliyeapishwa.
Katika siku hizo walimu walilipwa
miezi saba ya malimbikizo, kwa mkupuo mmoja,
na soko zima likanuka nyama ya kuchoma.
Lakini kaimu hatundikwi, ndivyo ulivyo utaratibu.
Basi baina ya wa kumi na wa kumi na moja
pana nafasi ya upana wa kiganja.
Nayo naifuta.

Mwezi uliopita alikuja wa kumi na mbili,
bila king'ora, kwa miguu kutoka getini,
ambako mlinzi kijana alimdai kitambulisho.
Alipita akihesabu, kidole hewani, mpaka akajiona
pale nyuma ya mlango, jirani na mtungi wa zimamoto.
"Nguvan," akasema, "mlango ukifunguliwa sionekani."
"Ukifungwa unaonekana, Mheshimiwa."
Akaufunga.
Tukabaki wawili ndani, yeye na yeye, na mimi na ndoo.
Nilimwona akinyoosha kola,
lakini wa ukutani kola yake ilikwisha nyooka.
Nje watu wa mafaili wakaanza kugonga.
"Hawa wananitafuta mimi?" akauliza,
na sikujua kama ni mzaha.
Nikamfungulia.

Wa kumi na tatu bado yuko ghorofani, mzima, anasaini.
Ila msumari wake umeshapigwa;
Ukeyima alilipwa mapema, bajeti ilikuwa inaisha.
Kila asubuhi anapita chini yake na msafara wake,
simu sikioni,
hainui macho.
Nami nikimaliza kazi
nakamua kitambaa changu
nakianika hapo.